Sufuria Isiyo na Chumvi

Nyalenda, Kisumu.
Jumanne, 10 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Oyugi,

Pokea salamu zangu kwanza, na za watoto, kabla hatujafika kwenye maneno. Joto la huko likoje? Juzi Obonyo alinionyesha kwenye simu kwamba Doha imefika digrii arobaini na sita, nikajiuliza mtu anasimamaje getini na sare nzito kama ile yako. Na mgongo je? Yale mafuta ya kuchua yalikufikia? Kama yamekwisha niambie, mama yule wa Kibuye bado anauza.

Sisi tuko. Mama ni mzima, isipokuwa goti lile la kushoto ambalo huuma mvua ikitaka kunyesha, na mwaka huu mvua imetaka kila siku. Obonyo bado anaendesha trekta la miwa kule Muhoroni. Anakuja Jumamosi, anaondoka Jumapili, na mimi nabaki na cherehani yangu na hawa wawili. Ooko ametimiza miaka minne na anauliza maswali mpaka masikio yanachoka. Dishon mdogo ana miezi mitano na meno mawili yanaota kwa pamoja. Nimechoka, kaka, sitakuficha. Barua hii naiandika kwa vipande. Mtoto akilala naandika, akiamka naacha, kwa hivyo ukiona mwandiko umebadilika usidhani tumeandika watu wawili.

Utauliza mbona barua, siku hizi za simu. Ya kwanza, Rachael binti wa jirani yetu amepata kazi ya hoteli huko huko Doha na anaondoka Alhamisi, kwa hivyo mbebaji yupo. Ya pili, kwenye simu umenikatia mara mbili. Karatasi huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini kabla ya kuichana utakuwa umeona mistari kadhaa.

Utauliza pia mbona Kiswahili, sisi tuliozaliwa nyumba moja kule Bondo na kugombana kwa Kijaluo tangu tukiwa na meno ya utoto. Ni kwa sababu Jacinta ataisoma kabla sijaifunga. Nimechoka kusema habari za mke wa ndugu yetu kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyafuata.

Sasa jibu la ombi lako. Ni hapana. Sitaingia studio kuuimba wimbo ule.

Yule mwenye studio alinipigia wiki iliyopita. Alisema mmeshaongea, kwamba ngoma za ohangla zitawekwa chini ya sauti yangu na wimbo utakuwa tayari kwa ukumbusho wa marehemu ndugu yetu Dishon, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, upigwe kwa spika kubwa watu wakila. Nikamwambia hapana. Akacheka, akasema wasanii wote huanza na hapana. Nikamwambia mimi si msanii, ni fundi wa nguo, na hapana yangu nimeishona mara mbili.

Najua unavyoupenda. Najua mwajiri alikunyima ruhusa, na kwamba saa tulipokuwa tukimshusha Dishon kaburini wewe ulikuwa unawafungulia watu geti waingie na magari yao. Uliniambia umeusikiliza kitandani mpaka wale Wanepali mnaolala nao chumba kimoja wanaufuata kwa mluzi. Kaka, ninaelewa. Wewe hukupata mazishi, ulipata wimbo. Ndiyo sababu sikuandiki kwa ukali, au najaribu. Lakini wimbo ule ni uongo, na aliyeutunga ni mimi, na ni haki yako uupate uongo wenyewe kutoka mdomo uliouimba.

Unajua desturi yetu. Mwili ukifika nyumbani kutoka mochari, wanawake wanaupokea kwa nyimbo, na anayeongoza anatunga papo hapo. Anamtaja marehemu, anawataja waliompenda, na akitaka anawataja waliomtesa. Miaka yote Shangazi Peresi ndiye ametuongoza. Siku ile sauti ilikuwa imemkauka, akanisukuma mbele. Alisema mimi ni dada, nani mwingine ana haki kunishinda.

Nilianza vizuri. Niliimba mikono ya Dishon, jinsi ilivyochomelea mageti ya nusu ya Nyalenda. Niliimba kicheko chake, kile cha kuanza puani. Watu walilia. Halafu wakaanza kunitazama kama watu wanaongoja, kwa maana mtu wa miaka thelathini na sita kwetu hafi hivi hivi. Wimbo ulitaka mtu. Nami nikaupa mtu.

Maneno yenyewe unayajua kwa Kijaluo. Nayaandika hapa kwa Kiswahili yasimame uchi tuyaone:

Sufuria ndogo ya pembeni,
nyingine zapikia wengi,
wewe wampikia nani peke yake?
Sufuria ndogo, waficha nini,
mbona ndugu yangu alikula, hakuamka?

Sikutaja jina. Haikuhitajika. Kila mtu aliyewahi kula kwenye kibanda cha Jacinta pale stejini alikuwa ameiona sufuria ile. Zilikuwapo tatu kubwa za wateja, ya ugali, ya samaki na ya mboga, na moja ndogo pembeni ambamo alikula Dishon peke yake. Mafundi walimtania mwaka mzima, ati bibi amemfungia chakula kama mtoto wa kunyonya. Kwa hivyo nilipoiimba, boma lote lilijua naimba nani, na lilipasuka kwa kilio.

Na unajua Jacinta alikuwa wapi? Alikuwa mbele kabisa, anacheza. Kijaluo cha sokoni anakijua, bei na salamu na matusi, lakini Kijaluo cha kilio kina vichochoro, na yeye ni mtu wa Port Victoria, Kijaluo si lugha ya kwao. Alisikia jina la mume wake na sauti ya dada ya mume wake, akafikiri tunamlilia pamoja. Aliitikia kiitikio, kaka. Kwenye ile rekodi unayosikiliza, ukitulia, kuna sauti moja nyembamba upande wa kushoto inayoitikia nyuma kidogo ya wengine. Ni yeye.

Hata baba yake, Mzee Waliaula, aliyekuja na wazee wake wanne, alitoka kwenye kiti akanijia mbele ya watu. Alichomoa kitambaa mfukoni, akanifuta jasho usoni, akaniachia kitambaa mkononi kama zawadi ya mwimbaji. Nilikipokea. Na ubeti ule nikaurudia.

Aliyemweleza Jacinta ni Rosa, binti yao. Rosa ana miaka saba na Kijaluo alikiokota mchangani na watoto wenzake, kinamtoka kama kwetu. Siku tatu baada ya mazishi walikuwa wakifua nguo, mama na mtoto, na mtoto akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni: "Mama, ni kweli uliweka kitu kwa sufuria ya baba?"

Basi nikwambie kilichokuwa kwenye sufuria.

Hakikuwamo kitu. Na namaanisha hivyo, hakuna kitu kilichowekwa, hata chumvi. Figo za Dishon zilikuwa zimechoka. Hospitalini walimkataza chumvi, wakampa tarehe za kurudi kila mwezi. Jacinta alimpikia kando chakula kisicho na chumvi, kila siku, kabla ya kuwasha moto wa wateja. Dishon naye alikuwa Dishon. Tarehe nyingine alikwenda, nyingine alijificha, na siku za malipo alikwenda na wenzake kula nyama ya kuchoma na kachumbari yenye chumvi kama ya kuhifadhia ngozi, kisha anarudi nyumbani miguu imevimba, anasema ni viatu.

Utauliza nimejuaje. Nilijua tangu Februari ya mwaka ule, miezi sita kabla hajafa. Nilipita kibandani, nikachovya tonge kwenye sufuria yake kwa utani, nikakunja uso. Nikamwambia bibi yako amesahau chumvi. Akacheka kile kicheko cha puani, halafu akaniambia yote. Akanishika mkono akasema, "Aoko, usimwambie Mama. Na Oyugi usimwambie kabisa, ataacha kazi aje." Jacinta naye alikuwa ameapishwa hivyo hivyo. Tukanyamaza wote wawili, yeye akipika, mimi nikishona.

Kwa hivyo unaona jinsi mambo yalivyokuwa siku ile mwili ulipofika. Kama kuna mtu ambaye angeulizwa mbona hakusema, mtu wa damu, aliyejua na akakaa kimya, ni mimi. Na kabla mtu hajafungua mdomo kuniuliza, niliimba, na watu wote wakageuza shingo kutazama upande mwingine. Kilio changu kilikuwa cha kweli. Lakini nyuma ya kilio nilikuwa nimejibanza.

Na kuna baya kuliko hilo, nimelibeba mwaka mzima na leo nalitua. Ule mstari ulikuwa mtamu. Uliponijia nilijua si kweli, na nilijua pia ni mzuri, na nikauachilia kwa sababu ni mzuri. Nilisikia jinsi wanawake walivyovuta pumzi. Jioni ile watu walinishika mkono, ati sijasikia kilio kama hiki tangu afe fulani. Nilitembea na sifa hizo wiki nzima kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Mtoto ameamka. Nimemnyonyesha, nimerudi.

Mengine yalikwenda yenyewe. Kijana fulani alikuwa ameturekodi. Kabla ya mwezi kuisha wimbo ulikuwa kwenye simu za watu mpaka Siaya. Wa boda boda wakipita kibandani walikuwa wanapiga honi kwa mwendo wa kiitikio, pi-pi-piii, basi, hakuna aliyesema neno. Mafundi waliacha kuja kwanza, halafu madereva. Nani atakula kwenye jiko ambalo mji mzima unaimba kwamba linaua? Sufuria tatu zikawa mbili, zikawa moja, na hiyo moja jioni ikawa inamwagwa. Siku hizi Jacinta anawafulia watu nguo asubuhi, ndipo afungue kibanda saa sita.

Nilikuwa naona. Nisiseme sikuona, mimi hupita pale nikienda kununua uzi. Nilikuwa napitia ng'ambo ya barabara.

Kisha ikaja wiki ya Pasaka. Jumatano mchana nilikuwa nashona sare za kwaya, mlango ukabishwa. Ni Jacinta, amemshika Rosa mkono, na kwenye mkono wa pili amebeba ile sufuria ndogo imefungwa kwa leso. Hakunisalimu. Alisema mwalimu wa Rosa amemwita. Mtoto anamwaga chakula anachofungiwa nyumbani, kila siku, nyuma ya vyoo vya shule. Nyumbani anasema ameshiba. Anakula kwa majirani. Maji anakunywa ya mfereji wa shule. Mtoto huyu, kaka, alikuwa anaogopa mkono wa mama yake.

Jacinta aliweka sufuria juu ya meza yangu, katikati ya vitambaa, akafunua. Visamaki vya omena na ugali na mboga ya sukuma.

"Mama Ooko," akasema, "wewe ndiye uliimba. Sasa kula, mtoto aone."

Nataka nikuambie kwamba nilikula mara moja. Sikula. Mkono ulikwenda, ukasimama. Mimi, Aoko, niliyetunga uongo ule kwa mdomo wangu, niliyeonja sufuria ile ile nikajua haina hata chumvi, niliogopa. Pengine kwa muda wa kuhesabu tatu. Wimbo wangu ulikuwa umezunguka mji mzima na kurudi kuingia kwangu kama mgeni, na mimi nikaufungulia. Nikainua macho nikamwona Rosa. Alikuwa ameuona mkono wangu.

Hapo ndipo nilipofahamu nimefanya nini. Usiniambie kwamba wimbo ni wimbo tu. Kama ungekuwa wimbo tu, mkono wangu usingesimama.

Nilikula. Nilikula nusu ya sufuria bila maji. Rosa akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Shangazi, utakufa leo au kesho?"

Nikamwambia sitakufa, kwamba niliimba uongo, kwamba baba yake alikuwa mgonjwa na mama yake ndiye alikuwa anamuuguza. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu kuningoja. Jacinta akakaa kitandani. Nikarudi kwenye cherehani kwa sababu sikuwa na pahali pengine pa kuweka uso wangu. Tulikaa hivyo tangu saa saba mpaka saa kumi, mimi nashona, mtoto ananitazama kuona kama nitaanguka. Nilishona kola tatu na zote nilizifumua baadaye. Saa kumi Rosa alisimama, akaweka mkono kwenye sufuria, akala tonge moja la ugali uliopoa. Kisha la pili. Jacinta aliinua leso akajifunika uso.

Tangu siku hiyo nakula mchana kwa Jacinta. Si jikoni, si kwa siri. Nakaa kwenye benchi la nje linalotazama barabara, Dishon mdogo mgongoni, na nakula polepole watu waone. Wa boda boda walifurahi sana. Okello, yule mrefu mwenye helmeti nyekundu, alisimamisha pikipiki siku ya kwanza akaniuliza, "Mama, umeandika wasia?" Siku ya pili akaniuliza cherehani yangu ameachiwa nani. Nikamwambia ameachiwa yeye, aje ajifunze kushona mdomo. Wenzake walimcheka mpaka akawasha pikipiki akaondoka bila abiria.

Lakini wiki iliyopita alikuja akakaa mwisho wa benchi, akaagiza chai. Akasema chai haikutajwa kwenye wimbo. Sasa wanakuja watatu, wanne, wanakunywa chai. Chakula bado hawajagusa. Sikudanganyi kwamba mambo yamenyooka. Yamenyooka kiasi cha chai.

Sasa nije kwa yale uliyonijibu kwenye simu kabla hujakata. Ulisema mimi sikumtaja mtu jina, na kama watu walielewa vibaya ni shauri lao. Kaka, hawakuelewa vibaya. Walielewa vile vile nilivyotaka waelewe. Mimi mteja akinijia na gauni lililomchoma kwa sababu nilisahau pini kwenye pindo, siwezi kumwambia shauri la ngozi yake. Na sifa za wimbo ule nilizipokea zote, hakuna hata moja niliyoirudisha nikisema shauri lenu. Nitapokeaje sifa, kisha nikatae kidonda?

Shangazi Peresi naye ameniita mjinga. Amesema kilio hakipelekwi kortini, na wanawake wangenyamazishwa makaburini kama kila neno la uchungu lingepimwa. Namheshimu, yeye ndiye aliyenifunza kuimba. Nilimjibu kwamba ni kweli, hakuna korti, hakuna askari wala chifu atakayenishika kwa ubeti. Basi nikijiachilia mimi mwenyewe, nani atanishika?

Mama nimemwambia yote, kwa ruhusa ya Jacinta. Alilia, halafu akakaa wiki nzima bila kupokea simu yangu, na haki alikuwa nayo. Kisha akamtumia Rosa kuku jike mwenye vifaranga. Ila bado hataki jambo hili lisemwe mbele ya watu. Anasema tutafunua ugonjwa wa marehemu na kuaibisha boma. Nimemwambia boma lilishaaibika, ila aibu tumembebesha mtu mmoja, na tukambebesha yule ambaye hakuzaliwa humu.

Kwa hivyo sikiliza nitakachofanya, usije ukasema hukuambiwa. Siku ya ukumbusho nitasimama niimbe. Nitatumia sauti ile ile na mwendo ule ule, kwa sababu huo ndio watu wanaujua na ndio utakaokwenda mbali. Maneno yatakuwa mengine. Nitaimba figo na miguu iliyovimba na chumvi iliyokatazwa. Nitaimba aliyepika, kwa jina. Na nitamwimba dada aliyejua akanyamaza, kisha akapaza sauti pahali ambapo hapakuwa pake, naye pia kwa jina. Sitamwonyesha mtu maneno hayo kabla, si Shangazi, si wewe, si mchungaji. Mkinizimia kipaza sauti nitaimba bila. Mkinifungia geti nitaimba nje ya geti. Geti lile Dishon alilichomelea mwenyewe na akaacha mianya mikubwa, sauti itapita. Na Mzee Waliaula atakuwepo, nimemwalika mimi. Kitambaa chake nimekifua na kukipiga pasi, nitamrudishia mbele ya watu wale wale.

Ulisema nikikataa studio nisikuite kaka tena. Hilo nalo nimekataa. Nitakuita kaka ukipenda, na usipopenda nitakuita kaka.

Siwezi kuingia kwenye simu yako nikaufuta wimbo. Ukitaka kubaki nao kwa ajili ya ule ubeti wa mikono yake, baki nao, huo ni wa kweli. Lakini ni wewe uliyeutuma kwenye kundi la watu wa Bondo walioko Ghuba, na wanakuamini. Waambie. Mimi nitasema huku niliposikika, wewe sema huko uliposikika.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Pamoja na barua hii Rachael amebeba kifurushi, mkebe wa maziwa ya unga uliofungwa kwa utepe wa gundi. Ndani kuna omena za kukaanga. Amekaanga Jacinta, jana, kwenye jiko lake la pale stejini, nami nikiwa nimeshikilia mkebe. Unakumbuka likizo yako ya mwisho ulikula kwake siku tano mfululizo na ukaondoka na zingine kwenye begi. Rosa anakumbuka. Ameniuliza kama Baba Mkubwa Oyugi naye anaogopa. Nilimwambia sijui, tutamuuliza.

Basi nakuuliza. Mkebe ukifika, kaa chini, kula, na mmoja wa wale Wanepali akupige picha unapotafuna. Itume kwa simu ya Jacinta, nambari haijabadilika. Usiandike neno. Mtoto anataka kuona mdomo tu.

Nisalimie hao Wanepali, waambie nitawatumia mluzi mpya. Mama anakusalimu, na goti lake. Obonyo anakusalimu, anasema ukija umletee tochi ya kichwani ya trekta. Ooko anauliza ndege hulala wapi. Mzee Waliaula alipita juzi akauliza hali yako, hana neno na wewe. Mungu akushike katika joto hilo, akupe kivuli mchana na usingizi baada ya zamu, na akurudishe kwenye benchi letu ukiwa mzima.

Ni mimi dadako, akupendaye hata ukiwa umekasirika,

Aoko.

Nimeongeza hapa chini. Jacinta amekuja, ameisoma barua yote, taratibu, kidole kwenye mistari. Kulikuwa na pahali nilikuwa nimemsifu sana, amenifanya nifute. Anasema hahitaji sifa, anahitaji watu waje kula. Mengine amesema niache yalivyo. Na anasema nikuambie kwamba hajui figo zako zikoje huko kwenye joto, kwa hivyo omena hakuzitia chumvi. Utie mwenyewe.